Kigezo cha Kioo cha Kulengea: Ufundi wa Kamera za Mraba kwa Mfano wa Voi na Taita Taveta

Si nadra kukuta katika albamu ya familia, iwe ya Voi, Mwatate au Wundanyi, picha ya harusi ambamo mtu aliyesimama pembeni amebaki nusu: bega moja, kipande cha leso, mkono usio na mwenyewe. Aghalabu lawama humwendea mpiga picha, naye hudhaniwa kuwa alilenga vibaya au aliharakisha. Hata hivyo, negativu ya picha ya namna hiyo ikipatikana, yamkini itamwonyesha mtu huyo akiwa mzima, amesimama wima, anatabasamu. Alikatwa baadaye, katika chumba cha giza, kwa sababu filamu ilikuwa ya mraba ilhali karatasi ya kuchapia ilikuwa ya mstatili. Mpiga picha alipotazama ndani ya kamera aliona mraba mzima na akaupanga mraba mzima. Hakuna kilichomkumbusha kwamba sehemu ya mraba huo haingefika kwenye karatasi.

Makala haya yanadhamiria kueleza kifaa kidogo kinachotoa ukumbusho huo. Ni kipande cha plastiki angavu kilichochorwa mistari, ambacho hulazwa juu ya kioo cha kulengea cha kamera. Kifaa hiki hutengenezwa nyumbani kwa wembe, rula na kalamu. Aidha, makala yanapendekeza jina la kukiita kwa Kiswahili, kwani ufundi usio na majina huwa vigumu kufundishwa.

Mraba na mstatili

Kamera zinazohusika hapa ni zile za umbo la wastani, yaani zile zinazotumia filamu pana kuliko ile ya kawaida ya milimita 35, lakini ndogo kuliko mabamba makubwa ya studio za zamani. Filamu yake inajulikana kwa namba 120, nayo ilianza kuuzwa na kampuni ya Kodak mwaka 1901. Upana wa sehemu inayopigwa picha ni takriban milimita 56. Katika kamera ya mraba, kila picha huchukua milimita 56 kwa 56, na filamu moja hutoa picha kumi na mbili tu. Rolleiflex ya Ujerumani, iliyotokea mwaka 1929, ndiyo iliyoupatia mtindo huu sifa. Yashica-Mat 124G ya Japani, iliyotengenezwa kuanzia 1970 hadi 1986, iliufanya uwafikie watu wenye kipato cha chini zaidi. Hasselblad ya Uswidi nayo ilikuwa kamera ya mraba ya wenye uwezo. Picha za mraba zimeacha alama kubwa katika studio za Afrika. Picha nyingi za studio za Malick Sidibé wa Bamako, Mali, kwa mfano, zilipigwa kwenye filamu ya namna hii.

Rolleiflex na Yashica zina lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Ya chini hupiga picha. Ya juu ni ya kutazamia tu. Nuru inayopita katika lenzi ya juu huangukia kioo cha kujitazamia kilichoinamishwa kwa nyuzi 45, kisha hupaa hadi kwenye kioo chenye ukungu, mfano wa kile cha madirisha ya bafu. Hicho ndicho kioo cha kulengea. Mpiga picha huishika kamera kifuani au tumboni, akainama, akaiona taswira ikiwa wima lakini imegeuzwa pande: aliye kulia huonekana kushoto.

Sasa na itazamwe karatasi. Karatasi ya inchi 8 kwa 10, ambayo imekuwa saizi ya kawaida ya picha za kutundikwa ukutani, ina uwiano wa 4 kwa 5. Picha ya mraba ikichapwa humo kwa kuijaza karatasi yote, katika ule upande wa milimita 56 zitatumika milimita 44.8 pekee, sehemu moja kwa tano ya picha hutupwa. Karatasi ya inchi 5 kwa 7 hutumia milimita 40. Karatasi ya inchi 4 kwa 6, iliyotawala albamu tangu mashine za kuchapa picha za rangi zienee, hutumia milimita 37.3 na kutupa thuluthi nzima. Picha za pasipoti za milimita 35 kwa 45, kipimo kinachotumika katika nchi nyingi, huchukua milimita 43.6. Basi mtu aliyesimama kwenye ukingo wa mraba hana bahati katika karatasi yoyote kati ya hizo.

Yupo atakayeuliza kwa nini picha isichapwe mraba, ikaachiwa ukingo mweupe. Jibu ni kwamba hilo linawezekana, na ni zuri. Tatizo ni kwamba mteja aliyelipia karatasi kubwa huuona ukingo mweupe kuwa ni karatasi iliyopotea, na fremu za dukani hazikutengenezwa kwa ajili ya mraba.

Jina lake

Neno la Kiingereza linalotumiwa na mafundi kukitaja kifaa hiki ndilo lilelile linalotaja vinyago vya kuvaliwa usoni. Mfasiri mwenye haraka angekiita barakoa. Neno hilo lina historia ndefu katika upwa wa Afrika Mashariki, ambako lilitaja vazi la kufunika uso la wanawake, na tangu mwaka 2020 limeenea kila pembe kwa maana ya kitambaa cha kuzuia maambukizi. Katika matumizi yote mawili barakoa hufunika. Kifaa kinachojadiliwa hapa, kikitengenezwa vyema, hakifunika kitu. Kinaonyesha mpaka na kumwachia mtazamaji uhuru wa kuona yaliyo ndani na yaliyo nje.

Neno linalofaa zaidi ni kigezo. Kitenzi geza kina maana ya kuiga au kulinganisha kitu na kingine, na kigezo ni kile kinachofuatwa katika kupima, kukata au kuunda. Fundi anayekata vipande kumi kwa kufuata kipande cha kwanza anatumia kigezo. Wanafunzi wa fasihi wamezoea vigezo vya uhakiki na vigezo vya uainishaji wa tanzu kiasi cha kusahau kwamba neno lenyewe linafaa karakana kama linavyofaa darasa. Kukiita kipande cha plastiki kigezo ni kulirudisha neno mkononi mwa fundi. Hili si jambo dogo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ililihudumia darasa la sayansi. Fundi wa studio hajapata kuhudumiwa kwa kiwango hicho, naye ameendelea kuishi kwa maneno aliyoyaunda au kuyakopa mwenyewe: kusafisha filamu, negativu, chumba cha giza. Maneno hayo yanajitosheleza. Lililokosekana ni jina la kitu ambacho wengi hawakujua kwamba kinaweza kuwepo.

Vifaa na ukataji

Plastiki iliyotumiwa zamani na wahadhiri kwa projekta za darasani ndiyo bora, kwa sababu ni nyembamba (takriban milimita 0.1), ni angavu na haina rangi. Ikikosekana, jalada angavu linalowekwa juu ya ripoti katika maduka ya kunakilisha linatosha, mradi tu liwe jipya na lisiwe na mikwaruzo. Mistari huchorwa kwa kalamu ya wino usiofutika yenye ncha nyembamba kabisa. Kalamu ya kawaida ya wino haifai. Wino wake haushiki kwenye plastiki, na katika joto la Voi huchuruzika na kuacha madoa.

Hatua ya kwanza ni kupima kioo cha kulengea chenyewe, kwa rula ya milimita, kutoka ukingo hadi ukingo. Hapa pana mtego. Katika kamera nyingi kioo huonyesha eneo dogo kidogo kuliko lile linalonaswa na filamu; pengine milimita 53 au 54 badala ya 56. Anayetoa hesabu zake ukingoni atakosea. Katika kamera ya lenzi mbili, lenzi zote zina urefu mmoja wa fokasi, kwa hiyo taswira iliyo kwenye kioo na ile iliyo kwenye filamu zina ukubwa uleule. Kwa sababu hiyo vipimo vyote hutolewa katikati. Kigezo cha inchi 8 kwa 10 huwa na mstari mmoja milimita 22.4 kulia kwa kitovu na mwingine milimita 22.4 kushoto kwake. Cha inchi 5 kwa 7 huwa na milimita 20 kila upande. Kitovu hupatikana kwa kuchora mistari miwili ya penseli kutoka pembe hadi pembe kwenye karatasi nyeupe yenye ukubwa wa kioo, kisha plastiki hulazwa juu ya karatasi hiyo na kuchorwa.

Wenye kompyuta huchora mistari hiyo kwa programu na kuichapa. Njia hii hutoa mistari safi kuliko mkono wa mtu yeyote, lakini ina masharti mawili. Plastiki iwe ya aina inayostahimili printa ya leza, kwani ile ya majalada huyeyuka ndani ya mashine na hasara yake huzidi bei ya kamera nzima. Vilevile, programu izuiwe isipunguze mchoro ili utoshee ukurasa. Ichape kwa asilimia 100, na matokeo yapimwe kwa rula kabla ya kukatwa. Kosa la asilimia tatu halionekani kwa macho, lakini humkata mtu sikio.

Baada ya kukatwa, kigezo hulazwa juu ya kioo cha kulengea, ndani ya kofia ya kamera, upande wa jicho la mpiga picha. Kikikatwa sawasawa hukaa penyewe bila gundi. Gundi ya papo kwa papo ni hatari, kwa sababu mvuke wake huacha utando mweupe kwenye kioo na lenzi. Kioo cha plastiki nacho kisifutwe kwa spiriti wala kiondoa rangi ya kucha.

Kuna mafundi wanaoshauri kigezo kiwekwe chini ya kioo, upande wa kioo cha kujitazamia, ili mistari iwe karibu zaidi na taswira. Ushauri huo haufai kufuatwa. Upande wa chini ndio wenye ukungu ambamo taswira hujengeka, na kimo chake kimepimwa kiwandani ili kilingane na kimo cha filamu. Plastiki ya milimita 0.1 ikiingizwa hapo na kukiinua kioo kwa kiasi hichohicho, katika lenzi ya milimita 80 iliyolengwa kwa mtu aliye umbali wa mita mbili, fokasi husogea kwa karibu sentimita sita. Lenzi ikiwa imefunguliwa hadi 3.5, macho yanaweza kufifia na masikio yakatokea barabara. Picha kumi na mbili zitaharibika kabla fundi hajajua sababu.

Kichwa kinachokatika

Hadi hapa kigezo kimelinda pande. Ipo kasoro nyingine ambayo karatasi haihusiki nayo. Kwa kuwa lenzi ya kutazamia iko juu ya lenzi ya kupigia, kila moja huona kwa namna yake. Kwa mlima ulio mbali tofauti hiyo ni sifuri. Kwa mtu aliye karibu si hivyo. Lenzi zikiwa zimeachana kwa milimita 45, na mtu akiwa umbali wa mita moja, taswira ya filamu hutofautiana na ya kioo kwa karibu milimita nne. Umbali ukiwa mita mbili, tofauti ni kama milimita mbili. Sehemu inayopotea ni ya juu. Ndiyo maana picha za pasipoti zilizopigwa na wanaoanza kwa kamera hizi hukata nywele, na wakati mwingine kipaji.

Rolleiflex ililitatua tatizo hili kwa fremu inayosogea yenyewe chini ya kioo kadiri lenzi inavyosogezwa, na Mamiya C330 ina mstari unaoshuka. Kwa kamera isiyo na msaada huo, kigezo huongezewa mistari miwili ya vituo, mmoja milimita nne chini ya mpaka wa juu na mwingine milimita mbili, na kila mmoja huandikiwa umbali wake. Mpaka wa juu wa taswira ni ule ukingo wa kioo ulio mbele, karibu na lenzi, si ule ulio karibu na tumbo la mpiga picha. Anayeichomeka plastiki kinyume atakuwa ameongeza tatizo badala ya kulipunguza.

Kipimo cha uhakika hakitoki kwenye hesabu bali kwenye kamera yenyewe. Kamera tupu huwekwa juu ya meza imara, kifuniko cha nyuma hufunguliwa, na karatasi nyembamba ya kunakilia ramani hunyoshwa mahali pa filamu na kushikizwa kwa selotepu. Kifyatulio hukazwa katika alama ya B ili lenzi ibaki wazi. Mbele ya kamera, ukutani, hubandikwa vipande vya selotepu vyenye namba. Kisha hulinganishwa: ni namba ipi iliyo ukingoni mwa karatasi ya nyuma, na namba hiyohiyo iko wapi kwenye kioo cha juu? Taswira ya nyuma itakuwa imepinduka miguu juu, jambo linalowachekesha watoto na kuwachanganya watu wazima. Zoezi hili huchukua nusu saa, na baada yake kigezo huwa ni cha kamera ile mahususi, hakiazimwi.

Nyika na vilima

Mandhari ya Taita Taveta yanakitahini kigezo kwa njia ambazo studio haiwezi. Sehemu kubwa ya kaunti, yapata asilimia 62, imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948. Kutoka juu ya mwamba wa Mudanda, au ng'ambo ya bwawa la Aruba lililojengwa mwaka 1952, nyika hunyooka hadi uwanda wa Yatta, ambao umekatwa juu kama meza. Lenzi ya milimita 80 haiwezi kumleta karibu ndovu aliye mbali. Humfanya alama nyekundu ndani ya nchi pana, na anayelalamikia jambo hilo amechagua kamera isiyo yake. Nick Brandt, aliyewapiga picha wanyama wa Amboseli kwa kamera ya umbo la wastani aina ya Pentax 67, alijulikana kwa kukataa lenzi za kuvuta na kuwasogelea wanyama. Asiyeweza kusogea, kwa sababu kanuni za mbuga zinamtaka abaki ndani ya gari, na aifanye nchi yenyewe kuwa mhusika mkuu. Kigezo kinachofaa hapo ni cha mistari ya ulalo: milimita 14 juu na milimita 14 chini ya kitovu, hivyo kubakiza ukanda wa milimita 28 kwa 56. Mbingu tupu na majani ya mbele huondoka, na Yatta inapata urefu wake.

Huko nyikani ndiko ubora wa mistari juu ya kadi nyeusi unapodhihirika. Wapo wanaokata kigezo kwenye manila nyeusi au filamu iliyoungua, wakaziba kabisa sehemu isiyotakiwa. Kigezo cha namna hiyo humwonyesha mpiga picha picha yake ya mwisho, lakini humficha ndovu wa pili anayeingia kutoka pembeni. Anayetumia mistari humwona mapema na kusubiri.

Vilimani hali hugeuka. Kilele cha Vuria kina kimo cha mita 2,208, na misitu kama Ngangao huwa na ukungu na kivuli hata adhuhuri. Kioo cha kulengea ni hafifu kwa nuru; mistari myeusi humezwa na weusi wa miti. Suluhisho ni kuitia rangi ya kijivu hafifu, kwa printa ya leza, sehemu yote iliyo nje ya mpaka. Jicho haliutafuti mstari tena, bali hutambua tofauti ya mwanga, na kilicho nje bado huonekana kama kwa kioo cha gari lenye vioo vya giza. Huenda hicho ndicho kigezo bora kuliko vyote, ingawa wazoefu wa mistari hawakubali.

Adui wa pamoja wa nyika na mji ni vumbi. Plastiki kavu hunata umeme na kuvuta vumbi jekundu la Voi, na kila chembe huonekana juu ya kioo kama jiwe. Chembe hizo haziingii kwenye picha, kwani kioo cha kulengea hakimo katika njia ya lenzi ya chini, ila huchosha macho. Zipulizwe kwa mpira wa kubonyeza, si kwa mdomo. Kigezo kisichotumika kihifadhiwe bapa ndani ya bahasha, mbali na dirisha la gari, la sivyo hujikunja na kukataa kulala.

Mwisho, ni kosa kuchora saizi zote tatu au nne kwenye plastiki moja. Jicho likiwa na haraka hufuata mstari usio wake. Kila karatasi na ipewe kigezo chake, na jina liandikwe pembeni: 8 kwa 10, 5 kwa 7, pasipoti. Maandishi hayo huandikwa kawaida, bila kugeuzwa. Watu wote walio mbele ya lenzi watabadilishana kulia na kushoto, lakini herufi zilizo juu ya kioo hazipitii lenzi yoyote, na zitasomeka zilivyo.